Moyo wa mtoto unalindwa kooni

Ndugu mfanyakazi, nawe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Tukisikia kwamba mtoto wa mwenzetu ana ugonjwa wa moyo na anapaswa kwenda India kupasuliwa, hakuna anayekataa kutoa. Kapita anatoa, mchimbaji anatoa, kanisa linatoa, kampuni nayo inaombwa kuongeza. Ni desturi nzuri, isipotee. Lakini nakuuliza: sindano ya kila mwezi ambayo ingeweza kumkinga mtoto huyo, nani aliichangia? Maoni yangu nayasema wazi. Kwa ugonjwa huu tunatoa fedha nyingi mwishoni kwa sababu hatukutoa kidogo mwanzoni.

MOYO NI POMPI

Wewe unayefanya kazi kwenye pompi za kutoa maji mgodini, jambo hili utalielewa upesi kuliko mtu wa ofisi. Pompi ambayo klape zake hazifungi vizuri haipandishi maji. Maji yanarudi chini, mota inachoka, mwisho inaungua. Moyo nao ni pompi. Unapiga mara 100,000 hivi kwa siku, nao una klape 4, yaani vilango vinavyofunguka ili damu ipite, kisha vinafunga ili isirudi. Kilango kikiwa na makovu, ama hakifunguki vizuri, ama hakifungi vizuri. Hapo mapafu yanajaa maji, miguu inavimba, na mtu anahema akipanda kilima kidogo tu. Usiku hawezi kulala chali, analala ameketi.

UGONJWA UNAINGIA KOONI

Kwa wazee, vilango vinaweza kukakamaa kwa sababu ya umri. Kwetu, anayeharibikiwa mara nyingi ni mtoto na kijana, na mwanzo wake ni koo. Kijidudu kiitwacho streptokoki kinashika koo la mtoto, hasa mwenye miaka 5 mpaka 15. Koo linauma, homa inapanda, tezi za shingo zinavimba. Baada ya siku chache mtoto anapona na mama anasahau. Lakini kwa watoto wengine, baada ya juma 2 au 3, nguvu za mwili zilizopigana na kijidudu kile zinaanza kuushambulia mwili wenyewe. Leo goti linavimba, kesho kiwiko. Na ndani, bila mtu kuona, moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatizimu. Viungo vitapona, lakini moyo unaweza kubaki na kovu, na homa hiyo ikirudi inaongeza kovu lingine.

Hapo ndipo tunapopotea. Mmoja anasema ni malaria. Mwingine anasema ni baridi ya mvua. Wa tatu anasema mtoto amerogwa. Miaka inapita, na mtoto anafika kwa munganga siku ambayo hawezi tena kutembea mpaka masomoni.

Usifikiri ni ugonjwa wa mbali. Utafiti wa Kinshasa uliotangazwa mwaka 1998 uliwapima wanafunzi 4,848. Kwa kila watoto 1,000 walipatikana 14 wenye ugonjwa huu wa vilango. Katika mitaa ya maskini yenye msongamano walikuwa 22 kwa kila 1,000. Katika mitaa mizuri ya mji walikuwa 4. Tofauti hiyo itazame sana. Kijidudu cha koo kinapita upesi katika chumba ambamo watoto wengi wanalala mkeka mmoja.

Utafiti mwingine, uitwao REMEDY, ulioongozwa na Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town, uliwafuata wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemeni. Nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini. Kwa kila watu 3, wawili walikuwa wanawake. Katika miaka 2, karibu watu 17 kwa kila 100 walikufa. Hao ni vijana wa umri wa kuoa, kuzaa na kufanya kazi.

WANGANGA WAMEFIKA WAPI

Sidharau upasuaji. Ni kazi ya ajabu, na mafundi wana sehemu yao ndani yake. Tarehe 6 Mei 1953, huko Philadelphia, munganga John Gibbon alifunga tundu katika moyo wa msichana huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Mwaka 1958 fundi wa pompi aliyestaafu, Lowell Edwards, alimwendea munganga Albert Starr wa Portland, Marekani, akitaka watengeneze moyo mzima. Starr alimjibu kwamba waanze na kilango kimoja. Mwaka 1960 walikipata: kitufe kidogo ndani ya kikapu cha chuma, kinachopanda damu ikipita na kushuka kuziba ikitaka kurudi. Fundi wetu wa pompi akikiona leo atakitambua mara moja.

Tangu siku hizo kazi imeendelea. Mfaransa Alain Carpentier alionyesha namna ya kutengeneza vilango kwa nyama ya mnyama, na namna ya kushona kilango cha mgonjwa mwenyewe bila kukitupa. Mwaka 2002, mjini Rouen, Alain Cribier alipitisha kilango ndani ya mshipa mpaka moyoni bila kufungua kifua. Tena ziko pompi ndogo zinazofungwa kwenye moyo uliochoka. Dick Cheney, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alitiwa moja mwaka 2010, akaishi nayo mpaka alipopewa moyo mwingine mwaka 2012. Hata karibu nasi kazi inafanyika: Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, na Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda.

Lakini kila chombo kina masharti yake. Kilango cha Cribier kilitengenezwa hasa kwa ajili ya wazee ambao vilango vyao vimekakamaa; kwa makovu ya watoto wetu mara nyingi hakifai. Kilango cha mnyama kinachakaa upesi kwa kijana, na kifua kitafunguliwa tena. Pompi ya moyo ina waya unaotoka tumboni na betri za kuchajiwa kila siku; umeme ukikosekana, maisha yako hatarini. Kilango cha kiwanda kinadumu, lakini mwenye nacho atakunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kama warfarini, maisha yake yote. Dawa ikipungua, damu inaganda juu ya kilango. Ikizidi, mtu anatoka damu. Kwa hiyo damu inapimwa mara kwa mara. Na kwa mama mwenye mimba dawa hiyo ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Wachunguzi walitafuta dawa isiyohitaji vipimo hivyo. Walijaribu dabigatrani kwa wenye vilango vya kiwanda. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013: waliopewa dawa mpya waliganda damu na kutoka damu kuliko waliopewa warfarini. Basi fikiri. Kijana wa Mitwaba amerudi kutoka ng'ambo na kilango kipya. Mvua ya Januari imekata barabara ya Lubumbashi. Damu yake itapimwa wapi, na nani atamwambia apunguze kidonge au aongeze?

SINDANO YA KILA MWEZI

Sasa sikiliza habari ya Gulu, kaskazini mwa Uganda. Wachunguzi, pamoja na Emmy Okello wa Taasisi ya Moyo ya Uganda na Andrea Beaton wa Marekani, waliwapima zaidi ya watoto 100,000 kwa mashine ya ekografi. Walitafuta wale ambao vilango vyao vimeanza tu kuharibika, watoto ambao bado wanacheza mpira. 818 wa miaka 5 mpaka 17 waliingizwa katika jaribio. Nusu walipigwa sindano ya benzatini-penisilini kila siku 28, nusu hawakupigwa. Baada ya miaka 2, kati ya 399 waliopigwa sindano, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3. Kati ya 400 wasiopigwa, ulizidi kwa 33. Matokeo hayo yalitangazwa Novemba 2021.

Tena dawa yenyewe ni ya zamani. Si ya kuagizwa kwa ndege, wala haihitaji chumba cha upasuaji. Inahitaji jambo moja ambalo ni gumu kuliko fedha: mtu asiyechoka kuleta mtoto kila juma la 4, kwa miaka 10 au zaidi.

Najua wengine wanaogopa kwa sababu wamesikia kwamba sindano hiyo inaua. Mzio mkali wa penisilini upo, lakini ni wa nadra, na ndiyo sababu inapigwa dispanserini, si sokoni. Mwaka 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri kwamba mgonjwa ambaye vilango vyake vimeharibika sana au moyo wake umedhoofika apewe vidonge vya penisilini badala ya sindano, kwa sababu moyo kama huo unaweza kusimama kwa mshtuko. Kwa wengine, mtoto ale kidogo, anywe maji, na apigwe akiwa amelala. Ndivyo inavyopasa.

NINAVYOONA

Kampuni ifanye mambo 3. Kwanza, benzatini-penisilini isikosekane dispanserini hata siku moja, kama vile kofia ya kazi haikosekani gatini. Pili, mara moja kwa mwaka mashine ya ekografi iletwe katika masomo ya kambi, na kila mtoto mgonjwa aandikwe katika daftari linalomfuata baba akihamishwa. Tatu, nyumba mpya zikijengwa, vyumba vya watoto vihesabiwe.

Mtu atasema kampuni iko hapa kuchimba, haikuwa wizara ya afya. Namjibu hivi: baba aliyekesha akimshikilia mtoto anayehema hashuki mgodini na akili yake yote. Ukurasa huu ni wa usalama, na usalama unaanza nyumbani.

Nawe una sehemu yako:

– Mtoto akiumwa koo na ana homa, mlete dispanserini. Si kila koo ni streptokoki, sisi tutapima. Ikiwa ni yenyewe, dawa ikianzishwa kabla ya siku 9 kupita inakinga moyo.
– Ukipewa vidonge vya siku 10, vimalizwe siku 10. Usimgawie ndugu yake.
– Goti likivimba, kisha kiungo kingine, usingoje juma lipite.
– Mtoto mwenye daftari la sindano asikose, hata kama anakimbia kuliko wenzake.
– Mama mwenye mimba anayehema akitembea polepole aseme mapema.

Endelea kuwachangia walio tayari wagonjwa. Wanahitaji kisu, na hatuwezi kuwaacha. Lakini jioni hii, kabla hujazima taa, mwambie mtoto wako afungue kinywa, utazame koo lake.

Msaidizi wa munganga,
Dispanseri ya kambi, Mitwaba