Anayesinzia Darasani Si Mvivu Daima

Atakayevuka kutoka Mbita hadi Kisiwa cha Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, na kulala huko usiku wa giza, ataona ziwani taa nyingi mithili ya mji. Ni wavuvi wa omena, ambao kazi yao ni ya usiku na usingizi wao ni wa mchana. Kwa hiyo mtu asiyelala si kioja kisiwani, na hapo ndipo tatizo linapojificha. Mvuvi aliyenusurika mashua ilipopinduka, akawaona wenzake wakizama, aweza kukesha miezi mingi bila kushukiwa kuwa mgonjwa.

Maradhi haya ya kiwewe yalipewa jina rasmi na wataalamu wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mgonjwa huuogopa usingizi wenyewe, maana akifumba macho mkasa humrudia ukiwa mbichi. Na hata akilala, kishindo kidogo humgutusha.

Nami, kwa kuwa ni mwanaisimu, neno jinamizi hunikera. Kwa wengi wetu, jinamizi ni kiumbe kinachomkalia mtu usingizini. Basi anayelilalamikia hutafutiwa mganga wa kulifukuza, hali kinachomrudia ni kumbukumbu ya jambo lililotukia kweli. Isitoshe, Kisuba cha Mfangano kimemezwa mno na Kidholuo, na zahanati nayo ina lugha zake. Ni nani kati yetu awezaye kusimulia hofu yake kwa lugha ya kuazima?

Walimu wenzangu wasidhani hayo ni ya wavuvi tu. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la Hillside Endarasha, Nyeri, liliteketea na wavulana 21 wakafa. Kwa aliyeponea moto wa namna hiyo, kitanda ndicho mahali pa hatari. Akisinzia wakati wa hesabu, sisi humpigisha magoti.

Tiba ipo. Mshauri aliyefunzwa humwongoza mgonjwa kuisimulia ndoto yake akiwa macho, kuubadili mwisho wake, na kuurudia huo mwisho mpya kila siku. Pombe, ambayo wengi huikimbilia, huleta usingizi mapema na kuuvunja usiku wa manane.

Kuuliza “Usiku unalala?” hakuhitaji shahada. Lakini akishauliza, mwalimu awe na mahali pa kumpeleka mtoto. Na kwa mtoto wa Mfangano, huenda safari hiyo ikaanzia mashuani, juu ya maji yale yale anayoyaota.