“Malaika”: Wimbo wa Kujitambua

Wahakiki wengi huutia wimbo “Malaika” katika kapu la nyimbo za mapenzi na kuishia hapo. Wengine hubishania utunzi wake: je, ni wa Mkenya Fadhili William, aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ama ni wa Mtanzania Adam Salim? Mjadala huo ni halali, lakini umeufunika wimbo wenyewe. “Malaika” ni utungo wa mtu anayejitambua.

Ushahidi umo katika sarufi. Nafsineni haahidi ndoa. Anatumia kiambishi cha masharti -nge-, kinachotenganisha analolitamani na analoliweza. Hamlaumu mpenzi wala wazazi wake. Anaukiri ufukara wake mbele ya mtu yule yule ambaye wanaume wengi wangependa kumficha. Gitaa linapigwa taratibu, sauti haipazwi, na ukweli huo unabaki bila pambo la kuusitiri.

Ukiri huo haujapitwa na wakati. Katika Laini Saba, Kibera, kijana anayeondoka alfajiri kwa miguu kutafuta kibarua cha mjengo au cha Eneo la Viwanda anaijua -nge- hiyo kabla ya kufundishwa darasani. Anakijua pia kishawishi cha kuchumbia kwa vitu vya kuazima. Fasihi inayomwonyesha mtu wa hali yake akisema kweli bila kujidunisha inamheshimu. Silabasi inayouacha wimbo huo nje kwa kuwa hauna vina na mizani kamili inamnyima heshima hiyo.

Ipo hoja ya kupinga: mpenzi anayeimbiwa hasemi lolote, amefanywa malaika ili asiwe mtu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, Miriam Makeba alipouimba, kitenzi “oa”, ambacho kwa desturi ya Kiswahili mtendaji wake ni mwanamume, kilitamkwa na mwanamke. Je, aliazima nafsi ya kiume, au alidai nafasi ya kutenda? Swali hilo pekee linatosha semina nzima.

Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko wa miaka ya 1970 ulilipatia shairi huru nafasi darasani. Wimbo wa gitaa nao unastahili kusomwa kwa makini yale yale, neno kwa neno, kiambishi kwa kiambishi.