Tusiwaachie Wengine Vijana Wetu

Ndugu zetu wa Pwani, Waislamu kwa Wakristo,

Wapo kina mama Likoni, Kisauni na Ukunda ambao vijana wao waliondoka bila kuaga wakavuka kwenda Somalia kujiunga na Al-Shabaab, na hawajamwambia mtu. Mama akienda polisi, anahofia mwanawe atasakwa auawe na yeye mwenyewe awekwe ndani. Akimwambia jirani, aila nzima itanyooshewa kidole. Basi hunyamaza, na yule aliyemchukua wa kwanza hurudi kumchukua mdogo wake. Tunawaomba tukivunje kimya hiki sisi wenyewe, mtaa kwa mtaa.

Watu huuliza Uislamu utakuwa na nguvu gani duniani miaka ijayo, utapendwa au utaogopwa. Kwetu sisi swali hilo linajibiwa maskani, pale kijana anapoahidiwa mshahara na mtu asiyemjua vizuri, au anapoambiwa kuwa rungu la askari lililompiga yeye liliipiga dini yake. Machungu yake si ya kubuni. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, Majengo, Mombasa, wakakamata watu zaidi ya 100. Mhubiri Aboud Rogo, aliyetuhumiwa kuwaunga mkono Al-Shabaab, alipigwa risasi akafa barabarani Agosti 2012, ilhali mahali pake palikuwa mahakamani. Juni 2014 akauawa Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu, aliyewapinga waziwazi wenye siasa kali. Anayewinda vijana hulisha maneno yake kwa damu kama hii, kisha hawaambii kwamba Mogadishu, tarehe 14 Oktoba 2017, lori la mabomu liliua zaidi ya watu 500, wengi wao Waislamu. Wala hawaambii habari za Cabo Delgado, Msumbiji, kusini mwa pwani yetu hii hii, ambako tangu Oktoba 2017 vijiji vya watu wanaoswali kama sisi vimechomwa kwa jina la dini, na moto ukavuka mto Ruvuma hadi Kitaya, Mtwara, Tanzania, mwaka 2020.

Garissa, baada ya shambulio la chuo kikuu mwaka 2015, tulizika. Watu 148 kwa siku moja, wengi wao wanafunzi, na wauaji waliwatenga Wakristo kabla ya kufyatua risasi. Miezi michache baadaye, Desemba 2015, basi la kwenda Mandera lilisimamishwa na Al-Shabaab karibu na El Wak, na Waislamu waliokuwamo wakakataa kutengwa na wenzao. Kina mama wa Kiislamu waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa msimamo huo, akafariki Januari iliyofuata. Hakungoja tamko la baraza lolote.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kila kamati ya msikiti ichague watu watatu wanaotunza siri na wanaoheshimika mtaani, angalau mmoja wao mwanamke, ambao mzazi anaweza kuwaendea usiku au mchana. Wawe na simu ya wakili wa haki za binadamu. Kijana akitaka kurudi, wasimfiche na wasimtoe kimyakimya: wampeleke mbele ya sheria wakiwa naye, majina ya askari watakaompokea yakiandikwa. Makhatibu nao wasisubiri shambulio ndipo wazungumze. Darsa za vijana ziwe za mwaka mzima, na kijana aruhusiwe kuuliza swali gumu bila kufukuzwa. Na ninyi majirani zetu Wakristo, mwenye duka au karakana, mpokeeni kijana wa mtaa uliochafuliwa jina kama mnavyompokea mwingine yeyote.

Lakini mitaa pekee haitoshi. Aprili 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa wanaorudi kutoka Somalia, lakini tangazo si sheria. Huko Kwale wapo waliorudi wakauawa, wengine wakatoweka, na wazee waliojitokeza kusaidia wakauawa pia. Nani atafanya hivyo tena bila kinga?

Tuwaandikie barua moja wabunge wa maeneo bunge sita ya Mombasa na manne ya Kwale, tukidai sheria inayosema wazi nani atashtakiwa, nani atarekebishwa, na ni nani atakayewajibika kijana akitoweka mikononi mwa dola. Isainiwe na maimamu na mapadri kwa pamoja, isomwe misikitini Ijumaa na makanisani Jumapili. Mbunge atakayeikataa, tumtake aseme sababu zake hadharani.