Chakula cha Moto na Plastiki

Tarehe 1 Juni, 2019, Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kenya ilikuwa imekwisha chukua hatua hiyo mwezi Agosti, 2017, na Zanzibar ilizitangulia zote mbili kwa marufuku yake ya mwaka 2006. Hatua hizo zilistahili kuungwa mkono na kila mwananchi. Lakini shabaha yake ilikuwa kulinda mazingira, na nchini Tanzania vifungashio vya vyakula viliachwa nje ya marufuku. Matokeo yake ni kwamba plastiki iliyofukuzwa mitaroni ingali imekaa jikoni, juu ya chakula cha moto.

Mambo yenyewe sote tunayaona. Wali hufunikwa kwa nailoni ukiwa bado motoni ili uive kwa mvuke. Chipsi zinazochuruzika mafuta na supu inayotokota hutiwa katika mifuko myepesi. Ndoo iliyokuja na rangi ya nyumba huoshwa na kugeuzwa chombo cha maji ya kunywa. Huko Uganda, matoke ambayo wazee waliyapika kwa majani ya mgomba, wako wapishi ambao sasa huyafunga kwa plastiki.

Hatusemi kwamba kila plastiki ni sumu. Plastiki ni nyingi na tabia zake hazifanani. Hata hivyo, karibu zote huchanganywa na kemikali za kuzilainisha, kuzikaza au kuzipa rangi, na baadhi ya kemikali hizo hazikushikamana barabara na plastiki yenyewe. Vitu vinne huzihimiza zihame na kuingia katika chakula: joto, mafuta, uchachu na muda mrefu. Mfuko wa chipsi una joto na mafuta kwa pamoja. Achari ya ndimu iliyokaa koponi kwa miezi ina uchachu na muda.

Kemikali iliyochunguzwa zaidi ni bisfenoli A, ambayo hutumika kutengeneza plastiki ngumu ya polikaboneti na utando wa ndani wa baadhi ya makopo ya bati. Kemikali hiyo huiga kazi ya homoni mwilini. Jumuiya ya Ulaya iliipiga marufuku katika chupa za kunyonyeshea watoto mwaka 2011. Mwezi Aprili, 2023, mamlaka yake ya usalama wa chakula ilikishusha kiwango kinachovumilika kwa siku mara 20,000 chini ya kile cha mwaka 2015. Taasisi ya Ujerumani inayopima hatari hizo ilipinga hesabu hiyo, lakini kiwango ilichopendekeza yenyewe kilikuwa chini ya kile cha zamani mara 20. Wataalamu basi wanabishana juu ya ukubwa wa tahadhari. Kwamba tahadhari iongezwe, pande hizo mbili zimekubaliana. Mwezi Desemba, 2024, Jumuiya hiyo ilipitisha kanuni ya kuiondoa kemikali hiyo katika vyombo vya chakula kwa ujumla.

Yako mengine. Stirini, ambayo ndiyo asili ya vile vyombo vyeupe vyepesi vya kufungia chakula, ilitajwa mwaka 2018 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Nao uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 huko Dublin ulionyesha kwamba chupa za watoto za polipropilini zikitiwa maji ya moto huweza kutoa chembe ndogo za plastiki hadi milioni 16 katika lita moja. Madhara ya chembe hizo mwilini bado yanachunguzwa, lakini mtoto mchanga hana sababu ya kungojea matokeo.

Tufanye nini basi? Kwanza, chakula cha moto kisiguse plastiki. Bakuli la kioo, la udongo, la chuma cha pua au la bati lililopakwa enameli linatosha. Kufunika chakula, kawa la ukindu liliwatosha mababu zetu, na jani la mgomba halijaisha shambani. Ambaye hana budi kutumia plastiki angojee chakula kipoe, na atazame tarakimu iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo: 3 na 6 ziepukwe, na 7 pia, kwa kuwa huchanganya aina nyingi, polikaboneti ikiwemo. Ndoo ya rangi au ya dawa isirudi jikoni kamwe. Na tuseme kweli hata inapotugusa sisi: gazeti, likiwamo hili, ni la kusoma. Wino wake haufai kufungia vitumbua.

Pili, mzigo huu asitwishwe mama lishe peke yake. Yeye hutumia mfuko kwa sababu ndio wa bei nafuu na mteja amekuja mikono mitupu. Mteja aje na bakuli lake, kama ilivyokuwa desturi. Halmashauri zinazomtoza ushuru kila siku zimsaidie kupata vyombo vya kudumu kabla ya kumtuma askari kumnyang'anya nailoni.

Tatu, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 limekabidhiwa pia usalama wa chakula, liwatake wenye viwanda na waagizaji waandike kwa Kiswahili, juu ya kila chombo, kama kinafaa kwa chakula cha moto au hakifai. Tarakimu ndani ya pembetatu haimwambii kitu mwananchi asiyefundishwa maana yake.

Nchi iliyoweza kuondoa mifuko madukani haiwezi kushindwa kuondoa nailoni juu ya sufuria. Kazi hiyo ianze leo, katika kila jiko.