Boriti za Tiwi na Diani zitoke shambani

Kabla ya saruji na nondo kufika Ghuba, paa za nyumba za huko zilibebwa na mikoko ya pwani yetu. Msimu wa kaskazi majahazi yalishuka kutoka Kuwait, Oman na Uajemi, na kusi ilipoanza kuvuma yalipanda yamesheheni miti iliyokwisha kukatwa kwa kipimo na kupangwa kwa jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na mjenzi wa nchi isiyo na msitu alijua atapata nini kabla chombo hakijatia nanga. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri na jahazi la Wakuwaiti mwaka 1939, alieleza taabu ya mabaharia waliokwenda kupakia shehena hiyo katika matope ya delta ya Rufiji. Hata upana wa vyumba vya kale, Lamu na Ghuba pia, ulifuata urefu wa boriti. Kisha fedha za mafuta zikaleta saruji, soko likafifia, na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza miti ya mikoko nchi za nje.

Marufuku ile ilimzuia mnunuzi wa ng'ambo. Mnunuzi wa nyumbani hakuguswa, na katika pwani ya kusini mnunuzi huyo ni mjenzi. Tiwi na Diani zimejengwa kwa sura moja: kuta za mawe ya matumbawe, mapaa marefu ya makuti, na chini ya makuti hayo miti. Hoja yangu ni kwamba miti hiyo sasa inapaswa kutoka mashambani, na kwamba Serikali ya Kaunti ya Kwale inao uwezo wa kulisimamia jambo hilo bila kungoja Nairobi. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na kuikata bila leseni ni kosa. Lakini sheria inayomvizia mkataji peke yake, usiku, katika mkono wa bahari, huku anayenunua mzigo mchana haulizwi neno, imeshika upande mmoja tu wa biashara.

Ushahidi hauko mbali. Ghuba ya Gazi, safari fupi kusini mwa Diani, ilipoteza sehemu kubwa ya mikoko yake katika miaka ya 1970, ilipokatwa kuwa kuni za viwandani na miti ya kujengea. Watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi, KMFRI, wakaanza kupanda upya pamoja na wanavijiji, na mwaka 2013 ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa. Mapato yamekwenda kwenye maji na shule. Ulimwengu umeusifu mradi huo kwa ajili ya kaboni, lakini kwangu funzo kubwa limo katika jambo lisilosemwa sana: wanavijiji walipanda pia mivinje, ili anayehitaji nguzo au kuni apate pa kuchukua. Walielewa kwamba ukilinda ghuba moja bila kumpa mjenzi mti mwingine, shoka litahamia ghuba ya jirani.

Mafundi watapinga, na hawapingi bure. Mkoko ni mgumu, una tanini, mchwa huusumbua kidogo. Mvinje usiotiwa dawa hauwezi kushindana nao. Ni kweli. Ila makuti yenyewe hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na paa linapofunguliwa ndipo fundi hukagua miti na kubadilisha iliyoliwa. Mvinje hustawi kwenye mchanga, na huanza kutoa nguzo baada ya miaka minne au mitano. Mkoko wa unene huohuo huhitaji muda mrefu zaidi. Gharama ya dawa ya mchwa ni halali ya mwenye hoteli. Leo anayelipia paa lake ni mvuvi, kwa kuwa samaki na kamba wadogo hukulia katika mizizi ya mikoko.

Pingamizi zito zaidi ni la riziki ya mkataji. Huyu asitupwe. Ndiye anayejua kuchagua mti ulionyooka, kuupima na kuupanga kwa daraja, na kazi hiyo inahitajika vilevile kwenye shamba la mivinje. Apewe nafasi ya kwanza katika vitalu, kukata na kuuza. Nako kutegemea mzigo wa Lamu wenye leseni kusiwe kisingizio: huko ndiko kuliko na zaidi ya nusu ya mikoko ya nchi, na hitaji letu tukilipeleka kaskazini bado tunakata.

Kaunti ndiyo inayopitisha michoro ya majengo. Basi kila mchoro wa hoteli, nyumba ya wageni au banda la makuti kuanzia Tiwi hadi Msambweni uambatane na maelezo ya miti: aina, idadi na inakotoka, na mkaguzi alinganishe maelezo hayo na paa lenyewe kabla ya kutoa kibali cha kutumia jengo. Kaunti ianze na majengo yake yenyewe. Nanyi wenye hoteli, msingoje sheria: agizeni mivinje ya wakulima wa Kwale katika ukarabati ujao.