Aliye Juu Tusimngoje Chini

Wanafunzi wenzangu, najua wengi mnafungua jarida hili kutafuta habari za bumu na uchaguzi. Leo naomba dakika tano tu tuzungumzie miti, na hasa watu wanaoipanda.

Kwetu ni Kagerankanda, Kasulu. Kule miombo ndiyo benki. Kijana anaanza maisha na mizinga mitatu ya magogo aliyorithi kwa babu yake, na akijaliwa anaongeza. Mzinga unaning'inizwa juu ya mti, mita sita, nane, wakati mwingine zaidi. Kuvuna ni jioni au usiku, maana gizani nyuki hupungua ukali. Sasa piga picha mwenyewe: giza, moshi machoni, nyuki masikioni, mkono mmoja umeshika tawi na mwingine umeshika kisu.

Bamdogo wangu alianguka akiwa katika hali hiyohiyo. Tawi alilokanyaga lilikuwa limeshakufa, ila kwa giza lile nani angeliona? Chini alikuwepo mtoto mmoja tu wa kushika ndoo, naye akakimbia kijijini kutuita. Tulifika, tukamnyanyua kwa makwapa, tukamkalisha kwenye bodaboda katikati ya dereva na mimi, tukaondoka mbio kwenda hospitali. Barabara ni mashimo. Kila shimo alikuwa anapiga kelele mgongo, mgongo, na mimi namwambia vumilia bamdogo, tunakaribia.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza. Ule mti ulikuwa mninga, na jina lake la kisayansi nalijua mpaka leo: Pterocarpus angolensis. Nilichokuwa sijui ni kwamba mtu aliyeanguka na kulalamika mgongo hakalishwi. Analazwa sawa, shingo na mgongo visipinde, anasubiri ubao, hata mlango uliong'olewa unafaa. Bamdogo leo anatembea kwa magongo. Kama uti wa mgongo uliumia pale chini ya mti, au mimi ndiye niliyeumalizia barabarani, hakuna daktari aliyeweza kuniambia.

Mwaka uliofuata nikaenda fildi. Ofisi iliyotupokea siitaji. Tulipewa buti na daftari, siku ya tatu tukapelekwa kukusanya mbegu kwenye miti mirefu. Kamba ilikuwa moja, imechakaa, na mkanda wa usalama haukuwepo. Msimamizi akanitazama akacheka: "Wewe si Muha? Miti umeizoea. Panda." Nikapanda jamani. Sikuwa na ubavu wa kumkatalia mtu ambaye ndiye angenipa maksi.

Ndiyo maana naandika. Tunafundishwa udongo, wadudu, masoko na takwimu, halafu tunapelekwa mahali ambapo kosa moja dogo linammaliza mtu. Tupige hesabu kidogo, sisi si wasomi? Ukianguka kutoka mita 8 unafika chini kwa sekunde 1.3 hivi, ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Ni sawa na kugongwa na gari mtaani. Shirika la Kazi Duniani linakitaja kilimo, pamoja na migodi na ujenzi, kuwa miongoni mwa kazi za hatari kuliko zote. Lakini fundi wa mnara wa simu tunamtegemea avae mkanda, na mrina asali tunamwambia ajitahidi.

Wapo watakaosema mafunzo ya kupanda ni anasa za Wazungu. Uingereza kweli wana kanuni zao za kazi za mahali pa juu, za mwaka 2005, ila ukiangalia mpangilio wake hata bibi yangu angeukubali. Kwanza, kama kazi inaweza kufanyika ukiwa chini, usipande. Pili, kama lazima upande, zuia kuanguka. Tatu, kama huwezi kuzuia kabisa, hakikisha anguko liwe fupi na madhara yawe madogo. Mkanda na kamba vinakuja baada ya swali la kwanza: kwani lazima kupanda?

Hapo sasa ndipo sisi wa kilimo, misitu na nyuki tunapotakiwa kutumia akili. Wazee hawakuweka mizinga juu kwa ujinga. Chini kuna nyegere, kuna siafu, kuna moto wa kiangazi, kuna na wezi. Ukimwambia mzee ashushe mizinga bila kumjibu hayo, atakusikiliza kwa heshima, ukiondoka ataipandisha tena. Ila majibu yapo. Mzinga ukining'inizwa kwa waya kati ya nguzo mbili, usawa wa kifua, nyegere anapata shida kuufikia. Waya ukipakwa grisi, siafu hawapiti. Nyasi zikifyekwa kuzunguka, moto unakosa chakula. Wezi ni suala la kikundi na ulinzi wa zamu. Na kwa mzinga ambao lazima ubaki juu, funga kapi kwenye tawi imara mara moja, mchana kweupe, halafu uwe unaushusha na kuupandisha kwa kamba ukiwa umesimama ardhini. Unapanda mara moja badala ya kila msimu.

Wa kupanda kweli watabaki, na hao wafundishwe: kutambua tawi lililokufa, kukagua kamba kabla ya kuiamini, kutopanda peke yako, kutopanda mti ukiwa umelowa. Wafundishwe pia uokoaji. Mtu akibaki ananing'inia kwenye mkanda bila kujitikisa, damu inajikusanya miguuni na anaweza kufa, kwa hiyo walio chini wajue jinsi ya kumshusha haraka.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na OSHA wapo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo pia, kwa sheria ya mwaka 2008. Lakini mfuko huo umejengwa juu ya mwajiri anayechangia kwa ajili ya mwajiriwa wake. Bamdogo mwajiri wake alikuwa nani? Nyuki? Mtu wa namna hiyo sheria inampita pembeni, na kilichobaki cha kumkinga ni yale anayoyajua yeye na jirani zake. Kama sisi tunaojiita wataalamu watarajiwa hatuyajui, atayapata kwa nani?

Na msidhani ni mambo ya warina asali pekee. Kigoma hiyohiyo tangu 2018 kuna kampeni kubwa ya kufufua mchikichi. Miche inayopandwa leo ni mifupi, unavuna umesimama. Mchikichi haugandi hapo. Itafika siku mikungu iko juu sana, na vijana wataifuata na panga na kitanzi cha kamba. Muda wa kujiandaa ni sasa.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi ipeleke mambo matatu kwa uongozi wa chuo. Moja, siku moja ya mafunzo ya kazi za juu na huduma ya kwanza kabla mwanafunzi wa kilimo, misitu au nyuki hajaenda fildi, kwa vitendo, siyo slaidi. Mbili, barua ya fildi iandikwe wazi kwamba mwanafunzi hapandi bila vifaa na bila kufundishwa, na akikataa asikatwe maksi. Tatu, kila anayefundishwa aende kuwaonyesha wenyeji wa pale alipopangiwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya tamasha moja la kukaribisha mwaka wa kwanza.

Waswahili wanasema aliye juu mngoje chini. Mimi nilimngoja, na mnajua nilivyompokea.

Bamdogo hajaacha nyuki. Msimu huu ana mizinga sita, yote kwenye waya, usawa wa kifua. Anaifikia kwa magongo yake.