Imani ya mateka wa Chungkai: ni woga tu?

Wako ndugu zetu wanaosema kwamba mateka wa vita anayemrudia Mungu hana imani, ana woga. Kifo kikimpita, na dini nayo itampita. Hoja hiyo tunaisikia mara nyingi barazani, na tukiri kwamba si ya kipuuzi. Lakini tunadhani habari za Ernest Gordon zinaijibu.

Gordon alikuwa ofisa kijana wa jeshi la Uingereza, Mskoti, wala hakuwa mtu wa dini. Singapore ilipoangukia mikononi mwa Wajapani Februari 1942, alijaribu kutoroka kwa chombo akakamatwa baharini. Akapelekwa Thailand kwenye ujenzi wa reli ya kwenda Burma, kilometa zipatazo 415. Reli ile iliua mateka wa kivita zaidi ya 12,000, na vibarua wa Kiasia wengi kuliko hao mara kadhaa, ambao hadi leo hawatajwi sana. (Wazee wetu wa Keya waliopigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944 na 1945 nao hawatajwi, lakini hilo tuliachie siku nyingine.)

Sasa, ndugu msomaji, zingatia hili. Gordon mwenyewe alisimulia kwamba mwanzoni mateka wengi walikimbilia sala, wakiomba waokolewe. Hawakuokolewa, na sala zikapoa. Kambini Chungkai ikawa kila mtu na lake: watu waliibiana, wagonjwa wakiachwa wafe. Yaani woga ulikwisha kupewa nafasi yake, ukashindwa.

Maradhi yalipomzidi, Gordon alilazwa pamoja na wanaosubiri kufa. Rafiki zake wakamtoa humo, wakamjengea kibanda cha mianzi. Askari wawili wa kawaida, mmoja Mmethodisti na mwingine Mkatoliki, wakawa wanamuuguza: kumwosha vidonda vilivyooza, kumkanda miguu iliyokufa ganzi. Hakuwa na cha kuwalipa. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza wanapata wapi moyo huo.

Kambini zilienea pia habari za askari mmoja wa kikosi chake. Mlinzi alidai koleo moja limeibwa, akatishia kuwaua wote. Askari yule akajitokeza, akasema ni yeye, akapigwa mpaka akafa. Makoleo yalipohesabiwa upya, yalikuwa kamili.

Vita vilipokaribia kwisha, Gordon na wenzake walikuta treni ya majeruhi wa Kijapani waliotelekezwa na jeshi lao wenyewe, vidonda vimejaa funza. Wakawasafisha na kuwapa maji. Ofisa mmoja wa upande wao aliwakemea, hamwoni hao ni adui? Mtu mwenye woga tu angemhudumia adui ambaye hawezi tena kumdhuru? Sisi hatuoni hivyo.

Mwaka 1945 Gordon akawa huru, na kifo kikampita kweli. Alisomea teolojia, akaongoza kanisa la Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kuanzia 1955 hadi 1981, akafariki 2002. Ni zaidi ya miaka 50 bila mlinzi wala bunduki.

Wale askari wawili waliomwosha vidonda hawakurudi kwao.